Ungo ushuke au ubaki?

Hoja yenyewe ni hii: nyumba ya Fukayosi yenye umeme, televisheni ya bapa na watazamaji wa kila rika iache kulipia king'amuzi, iteremshe ungo, ifunge ruta, na tangu hapo kila kitu kitazamwe kwa intaneti. Mleta hoja ni Mwalimu, kijana wa hapahapa anayefundisha sekondari. Wapinzani wake ni watatu. Shangazi, ambaye nyumba na luninga ni vyake. Fundi, mfunga ungo. Na Mwenye Banda, anayeonyesha mpira chini ya mabati kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata, kwenye jumba la aina ile ambalo nchi nzima inaliita kibanda umiza. Watu hawa nimewatunga. Bei na tarehe sikuzitunga, na nitaingilia kati kila nitakapoona mtu anapita njia ya mkato.

MWALIMU: Shikamoo, Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Sema upesi, tamthilia yangu inaanza saa mbili na nusu.

MWALIMU: Hapohapo ndipo ninapoanzia. Kwa nini wewe uisubiri tamthilia, isiwe tamthilia inayokusubiri wewe? King'amuzi kinakuuzia chaneli chungu nzima, unatazama tatu. Zilizobaki ni mahubiri ya lugha usizozijua na wauza sufuria wanaopiga kelele usiku kucha. Kwenye intaneti unachagua unachotaka, saa unayotaka, na chapati zikitaka kugeuzwa unaisimamisha. Netflix ilifunguliwa huku Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya mia moja. YouTube hata ada haina. Azam wenyewe, watu wa ungo, wana programu ya simu, AzamTV Max. Kama mwenye ungo ameshachungulia mlango wa intaneti, sisi tunalililia bati la nini? Marekani wameshakata kebo kwa mamilioni.

FUNDI: Hapo pa Marekani nikusimamishe, Mwalimu. Ni kebo gani iliyowahi kufika Fukayosi, tuikate?

Swali hilo la Fundi ni zito kuliko linavyosikika. Televisheni yetu haikupita njia ya Marekani. Zanzibar ilianza kurusha picha mwaka 1973, tena za rangi, na huku Bara tukaendelea na redio zetu mpaka ITV ilipofungua mwaka 1994. Waliokaa karibu na mtambo walishika picha kwa antena. Wa mbali waliinua antena juu ya fito ndefu na bado wakaona chenga tupu. Kebo ilikuwa biashara ya baadhi ya miji. Kisha, mwisho wa siku ya 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa kwa kuanzia na Dar es Salaam, na mwenye televisheni ambaye hakuwa na king'amuzi akabaki na kioo cheusi. Desemba iliyofuata Azam TV ikaingia sokoni na ungo mdogo, mpira wa nyumbani, na bei ambayo mkulima wa mananasi angeweza kuifikiria bila kucheka. Kwa vijiji vingi ungo haukuja kuondoa kitu cha zamani. Ndio uliokuwa wa kwanza.

Tofauti nyingine iko mfukoni. Mmarekani mwenye kebo alifungwa na mkataba, ankara inayopanda kila mwaka, sanduku la kukodi na faini akivunja makubaliano. Alipokata, aliokoa fedha ya maana. Sasa msikilizeni Shangazi.

SHANGAZI: Mimi nimekata mara nyingi kuliko hao Wamarekani wenu. Januari ni sare na madaftari, silipi. Mwezi wa Ramadhani silipi, nani atazame na futari haijaiva? Mananasi yakitoka, nalipa. Hakuna mtu aliyewahi kunibishia hodi na karatasi ya deni. Fedha ikiingia picha inarudi, ikikosekana picha inalala. Hiyo ruta yako nayo inakubali hivyo?

MWALIMU: Nayo ni ya kulipia kabla, Shangazi.

SHANGAZI: Basi mpaka hapo tuko sawasawa, na wewe ndiye uliyeleta hoja.

FUNDI: Hatuko sawasawa hata kidogo, mama. Ungo unalipia mwezi. Bando unalipia kila dakika unayotazama. Mwalimu anafundisha hesabu, apige.

Mwalimu alisita, kwa hiyo nitapiga mimi. Netflix wanaeleza wenyewe kwamba saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, na picha ang'avu ya HD hula hadi GB 3. Upande wa bei, mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka wigo wa bei ya data ndani ya vifurushi: isipungue shilingi 2.03 wala kuzidi 9.35 kwa MB moja. Tuchukue ile ya chini kabisa, tumpe Mwalimu kila upendeleo. GB 1 inakuwa kama shilingi 2,030. Nyumba inayowasha televisheni kwa saa nne kila siku, kuanzia taarifa ya habari mpaka watoto walale, itakula GB 120 kwa mwezi kwa picha ya kawaida tu. Hiyo ni shilingi 243,600. Ukitaka HD, zidisha mara tatu. Kifurushi cha chini cha king'amuzi, chagua kampuni unayoitaka, hakifiki shilingi 20,000 kwa mwezi.

MWALIMU: Umenichagulia hesabu inayoniumiza. Sikusema tutazame kwa bando la simu. Nimesema ruta ya nyumbani, ile ya kifurushi cha mwezi kisicho na kikomo. Hapo saa nne au saa kumi bei ni ileile.

FUNDI: Bei ni ileile, ndiyo. Na picha?

MWALIMU: Picha inategemea mtandao.

FUNDI: Ahsante. Nami kazi yangu ndiyo hiyo, kupanda mapaa. Nyumba iliyo karibu na lami na mnara na nyumba iliyo kule mashambani si jambo moja. Ungo unatazama angani, mimi nikishaulenga sawasawa, aliyeko Bagamoyo mjini, aliyeko Fukayosi na aliyeko katikati ya pori wanapata picha moja. Setilaiti ni kama adhana, Mwalimu. Wakisikia watu kumi au wakisikia elfu kumi, mwadhini hatumii pumzi zaidi. Mnara wa simu hauko hivyo. Kilichomo ndani yake kinagawanywa, na saa mbili usiku kila mtu amekishika.

Siongezi sana juu ya hapo, maana Fundi kagusa kiini cha mjadala mzima. Urushaji wa setilaiti una gharama kubwa ya kuanzia, kisha mtazamaji wa milioni hamwongezei mrushaji chochote. Kwa intaneti kila mtazamaji anapelekewa nakala yake, peke yake, na kila nakala inapita kwenye mnara uleule. Mjini tatizo hilo limetatuliwa kwa faiba, na TTCL wana huduma yao ya kuifikisha mlangoni. Mwenye faiba mlangoni, kama anaishi Mikocheni au Mbezi kule Dar es Salaam, asipoteze muda kusoma mjadala huu. Hoja ya Mwalimu ni yake na aitekeleze leo. Intaneti ya setilaiti nayo ingeweza kuipa Fukayosi usawa na Mikocheni. Wakenya walifunguliwa Starlink Julai 2023. Sisi tulibaki tukizungumzia leseni.

Mwenye Banda alikuwa amekaa kimya muda wote huu, akitabasamu tabasamu la mtu ambaye wateja wake wanagombana bila kujua kwamba wote watamwendea.

MWENYE BANDA: Mnasema tamthilia, tamthilia. Watu wanalipia king'amuzi kwa ajili ya mpira. Ligi yetu ina timu 16, Simba mechi 30, Yanga mechi 30, achilia mbali za Afrika. Mwaka 2021 Azam walisaini na TFF miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha hiyo inarudi vipi kama si kwa mimi na ninyi kulipia? Mwalimu akitazama kwa simu, sawa, lakini kwenye Netflix hiyo ligi iko wapi? Na Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, haipo kwenye hiyo orodha yako ya bure.

MWALIMU: AzamTV Max ina mechi zilezile za ligi.

MWENYE BANDA: Inazo. Ila zinakuja zimechelewa. Siku ya watani wa jadi wewe uko sebuleni na simu yako, mpira bado uko katikati ya uwanja, mara unasikia banda langu limelipuka. Umeshajua ni goli kabla hujaliona. Kuna raha gani hapo?

Hilo ni kweli na lina sababu. Mawimbi ya ungo hupanda kilomita karibu 36,000 na kushuka, safari ambayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Picha ya intaneti hukatwa vipandevipande, hupangwa kwenye seva, kisha simu huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha ili isikwamekwame. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji, na inaweza kufika hata nusu dakika. Kwa tamthilia haina madhara. Kwa mpira, katika kijiji chenye kibanda umiza, ni msiba.

Halafu kuna bei. Mechi moja na mapumziko yake ni saa mbili, yaani GB 2, yaani shilingi 4,060 kwa ile bei ya chini. Kwenye banda utaingia kwa jero au buku, na utapata na wa kubishana naye. Sitaki kumsifu Mwenye Banda kupita kiasi. King'amuzi anachotumia, kama ni cha kifurushi cha nyumbani, mkataba wake haumruhusu kutoza kiingilio, na hilo analijua vizuri ndiyo maana tabasamu lake lilipungua nilipolitaja.

SHANGAZI: Na mimi nina la kusema kuhusu hiyo Netflix. Ina Kiswahili?

MWALIMU: Waliiweka filamu yetu, Binti, ya Seko Shamte.

SHANGAZI: Nikishamaliza Binti?

MWALIMU: Kuna za Kikorea, za Kihispania, zina maandishi chini.

SHANGAZI: Maandishi ya Kiingereza, nami naona kwa tabu na mkono uko kwenye unga. Kwenye ungo nina Jua Kali ya Lamata, nina tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili kama zimezaliwa Temeke. Unataka nitupe hizo nikasome?

Mwalimu alitaka kucheka, nami nikamzuia, maana Shangazi amezungumza kwa niaba ya soko zima. Wachina waliligundua hili mapema. Mwaka 2011 tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake ilitiwa sauti za Kiswahili na kurushwa TBC, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Kampuni zilizoshinda sebule za Watanzania ni zile zilizolipa watu wa kutia sauti. Huduma kubwa za intaneti kutoka nje hazijafanya hivyo kwa kiwango cha kumshawishi mtu mwenye unga mkononi.

MWENYE BANDA: Tena mmesahau mshindani mkubwa kuliko wote. Flashi.

Nilikuwa nangoja nani atamtaja. Kijana akienda mjini Bagamoyo huweka flashi mfukoni, anapita kwa mwenye kompyuta, anaingiziwa sizoni nzima pamoja na muvi za kutafsiriwa, anarudi na burudani ya wiki kwa bei ya soda chache, bila bando, bila mwezi kuisha. Sanaa hiyo ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili ilipata bingwa wake katika marehemu Lufufu, ambaye sauti yake wengi wetu tunaikumbuka kuliko sura za waigizaji aliowasimulia. Kisheria karibu yote hayo ni wizi wa kazi za watu, na mtengeneza filamu wa Kitanzania ndiye anayeumia kuliko Hollywood. Lakini flashi inatufundisha kitu ambacho Mwalimu hakukiweka kwenye hoja yake: watu wa huku tayari wanachagua wanachotaka na saa wanayotaka. Wanachokwepa ni gharama ya kukisafirisha.

FUNDI: Niulize la mwisho. Umeme ukikatika?

MWALIMU: Ukikatika, king'amuzi nacho kinazima.

FUNDI: Kweli. Lakini mwenye sola na televisheni ya volti 12 anaendelea kutazama. Ruta nayo?

MWALIMU: Nayo inaweza kuwekwa kwenye sola, haili umeme mwingi. Na mvua ya masika, Fundi? Wingu likishakuwa zito, ungo wako hauna picha. Mara ngapi umepanda paa kurekebisha kitu ambacho hakikuharibika?

FUNDI: Hapo umenipata. Ila mvua inakatika baada ya nusu saa.

Fundi hakutaka kusema zaidi ya hapo, kwa hiyo nitasema mimi: intaneti nayo hukatika, tena si kwa nusu saa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ikachukua siku kadhaa kurejea. Ving'amuzi viliendelea kuonyesha. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu kilichoonyeshwa, nami nina yangu, lakini nyumba iliyokuwa na ruta peke yake haikuwa hata na katuni ya kumtuliza mtoto. Anayeweka macho na masikio yake yote kwenye njia moja ajue ufunguo wa njia hiyo uko mkononi mwa nani.

Hata hivyo ungo nao haujawa mwaminifu daima. Mwaka 2018 TCRA ilizizuia kampuni za ungo kuonyesha chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu, na watu waliokuwa wamelipia wakajikuta hawana ITV wala Channel Ten kwenye king'amuzi walichonunua. Mtazamaji hakuulizwa lolote. Mwalimu angeweza kuitumia hoja hiyo, akaisahau.

Badala yake alimalizia kwa hoja nyingine, iliyo bora kuliko zote alizoleta.

MWALIMU: Shangazi, tuache televisheni. Mdogo wangu anaomba mkopo wa HESLB, maombi yako mtandaoni. Matokeo ya NECTA yako mtandaoni. Wewe mwenyewe juzi ulitaka bei ya mananasi ya sokoni Dar kabla dalali hajafika, ukaipata WhatsApp. Nyumba isiyo na intaneti inalipa kwa njia nyingine: nauli, muda, kudanganywa. Ruta si ya tamthilia.

SHANGAZI: Kwa nini hukuanza na hilo?

Ndipo ninapoona hoja imevunjika vipande viwili, na kila kipande kinastahili hukumu yake. Intaneti kwa shule, biashara na mawasiliano: Mwalimu ameshinda, na hilo halihitaji kura. Intaneti badala ya ungo kwa televisheni ya sebuleni Fukayosi: ameshindwa, na kilichomwangusha ni namna data inavyouzwa. Mtu mmoja na simu yake, akiwasha kile kitufe cha Netflix cha kubana data, hupata hadi saa sita kwa GB 1. Saa moja kila usiku ni GB 5 kwa mwezi, kama shilingi 10,000. Hiyo inawezekana, na vijana wanaifanya. Kinachoshindikana ni kuilisha nyumba nzima kwa kijiko cha MB.

Kwa hiyo ungo ubaki, kwenye kifurushi cha chini, na ulipiwe miezi ya ligi na ya mavuno kama Shangazi anavyofanya tayari. Simu itazame kile ambacho ungo hauna. Na wenye mamlaka waache kutuhesabia minara peke yake. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini, kazi nzuri, lakini mnara unaouza data kwa bei ambayo mkulima hawezi kutazama nayo mechi moja umemfikishia salamu za intaneti tu. Tunataka kifurushi cha mwezi kisicho na kikomo kipatikane vijijini kwa bei inayolingana na kipato cha vijijini, na spidi iliyoahidiwa ipimwe saa mbili usiku, isipimwe saa nane mchana watu wakiwa shamba.

Nawe msomaji uliyekwisha kutenga fedha ya ruta, usiinunue kwanza. Azima simu yenye laini ya kampuni hiyohiyo, iweke pale televisheni yako ilipo, saa mbili usiku siku ya Jumamosi, fungua video na uiache icheze saa nzima. Ikisimama hata mara tatu, rudisha fedha yako mfukoni.